Njoo Msimu wa Maembe

Unguja Mjini, Novemba

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, vuli inanyesha asubuhi na mchana jua kali. Umeniuliza uje na watoto mwezi gani, na umesema tiketi za Julai ndizo nafuu. Nakuomba usije Julai. Njoo mwisho wa Disemba au Januari, hata kama itabidi uongeze pesa, na sababu yangu kubwa ni maembe.

Julai mtakula machungwa, nayo matamu, sikatai. Lakini watoto wako wamezaliwa Muscat. Embe wanalolijua ni lile lililosafiri mbali na kulala kwenye friji. Nataka wale embe boribo la shamba za Muyuni, lililoanguliwa juzi, likaivia ndani ya majani makavu, mpaka nyumba nzima inanukia.

Unalikumbuka lile duka dogo la matunda nyuma ya soko la Darajani? Siku hizi anauza mtoto wa yule mzee, na amelitengeneza likawa duka ambalo mtu unalifuata kwa makusudi. Kisichokuwa cha msimu hakiweki. Ukimtaka embe mwezi wa Agosti anakwambia hana, basi, nenda na papai. Na kila tenga anajua limetoka shamba gani na nani kaliangua. Juzi nilimkuta anapokea mzigo, analigeuza embe moja moja na kutazama kikonyo. Lililokatwa na kikonyo chake kirefu kidogo analiweka upande wa kuvundika. Lililong'olewa kikonyo, utomvu ukamwagikia ganda na kuliunguza, analirudisha kwa mwenyewe. Anasema hilo litaanza kuoza hapo hapo kabla halijaiva.

Ndiyo maana siendi tena kwa wale wanaoivisha kwa dawa. Ganda linakuwa la manjano zuri kote, ukilikata nyama ngumu na chachu, wala halinukii. Mwanangu mdogo alilitema. Sasa naanza kunusa kwenye kikonyo kabla ya kuuliza bei, na wewe wafundishe wako hivyo hivyo.

Mkija wakati huo mtakuta na shokishoki, na doriani kwa anayeliweza (mume wako simwekei, harufu yake anaijua). Mastafeli pia.

Kwenye rafu ya nyuma kuna vitu vya kutengenezwa kwa mkono. Achari ya embe anamletea bibi mmoja wa Jang'ombe. Anatumia maembe machanga, anayakata vipande, anayatia chumvi na kuyaanika juani mpaka yanyauke, ndiyo aje ayapike na pilipili, bizari na siki. Kipande kinabaki kigumu kidogo ukitafuna, hakivurugiki. Asali ya nyuki wadogo nayo ipo, nyepesi na ina ukali wake, mama yako anaitaka kila akipata kikohozi.

Halua inatoka Wete, Pemba. Najua utasema halua iko huko kwenu Oman, na kweli asili ni moja, wala sitaki tushindane. Ila hii ya Pemba uionje ikiwa bado changa, samli inang'aa juu yake, iliki na kungumanga vinapanda puani kabla hujaitia mdomoni. Wapishi wake wanakoroga kwa mwiko mrefu masaa kwa masaa, hawaachi, kwa sababu ukiacha tu uwanga unashika chini na sufuria nzima inanuka moto. Inauzwa ndani ya vikapu vidogo vya ukili. Usikubali ya kopo la plastiki, inatoa jasho na kulegea. Na kahawa chungu nitapika mwenyewe.

Unapokuja niletee lozi na zafarani, za huku ghali mno na zafarani nyingine ni rangi tupu. Mama yako ameagiza ubani.

Nijibu wiki hii kama utabadilisha tiketi. Yule kijana wa duka la matunda anakubali kumwekea mtu tenga zima ikiwa utamwambia mapema, kwani boribo zuri linachukuliwa na wenye hoteli alfajiri, sisi tunabakiwa na dodo. Nikiwa na tarehe mkononi nitamlipa kabisa.

Wasalimie watoto na baba yao.

Shoga yako