Zukini za msomaji wa Lindi hazina shida ya mbolea

Ndugu Mhariri,

Salaam kutoka Mtwara, kuchele. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, gazeti nalikuta kwa fundi cherehani jirani likiwa limeshapita mikono minne mitano lakini nalisoma lote mpaka matangazo ya vifo. Sasa juzi kwenye ukurasa wa kilimo kuna ndugu yetu wa Lindi aliuliza mbona zukini zake (yale maboga madogo marefu) zinatoka vizuri, zinafika saizi ya kidole gumba alafu ncha inakuwa njano, inalegea, inadondoka, na nyie mkamjibu aongeze mbolea. Jamani! Hapo mmempoteza, na nasema ivo kwa sababu yalinikuta yaleyale nikapoteza wiki tatu na hela ya mbolea juu.

Nina kabustani nyuma ya nyumba hapa Chikongola, mchanga mtupu kama mjuavyo mji wetu, kwahiyo nilichimba mashimo ya futi moja nikajaza samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, mbegu mbili kila shimo, baadae nikabakiza mche mmoja, na shimo hadi shimo nikaacha kama mita moja maana zukini haitambai kama boga letu, inajikunja pale pale ila majani yake mapana balaa. Nilipanda mwezi wa 5 mvua zilipokatika, maji nikawa nabeba kwenye madumu asubuhi namwagia shinani. Wiki kama ya sita maua yakaanza, makubwa ya njano, nikafurahi nikawatangazia majirani. Ningenyamaza tu. Vitoto vikaanza kuoza kimoja baada ya kingine.

Ushauri niliopewa sasa, we acha tu. Duka moja la pembejeo wakaniuzia mbolea ya yuria, nikaweka, majani yakawa kama miavuli na matunda hamna. Jirani akasema ni salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, inaletwa na upepo wa kusi. Shemeji akaona unga mweupe kwenye majani ya chini akasema ubwiriunga wa korosho umehamia kwako, akataka kunipulizia hiyo hiyo salfa saa 7 mchana, nikamkatalia maana jua lile na salfa majani yanaungua (na ule ukungu wa zukini ni mwingine kabisa, wa mikorosho hauji huku). Mwingine akaniambia ni kijicho, nifukize ubani.

Aliyenifungua macho bila kujua ni mama mkwe. Siku hiyo naingia jikoni nakuta sufuria ya msusa wa nazi, mboga ya majani ya maboga, na juu ya majani yamelala maua ya njano kama kumi hivi. Namuuliza mama haya umeyatoa wapi, anasema si huko bustanini kwako, nachuma yale yasiyo na kitoto, hayana kazi. Yani kila asubuhi kabla sijaamka yeye ameshapita! Nikakaa chini.

Maana mhariri, zukini ina maua ya aina mbili kwenye shina moja. Ua jike unalitambua, nyuma yake lina kazukini kadogo tangu halijafunguka. Ua dume limekaa kwenye kijiti chembamba kirefu, halina kitu nyuma, ila ndani lina kidole chenye unga wa njano, na unga huo usipofika kwa jike kale katoto hakakui ng'o hata umwage gunia la mbolea. Na mara nyingi maua ya mwanzo kabisa yanakuwa madume matupu, mtu anadhani mmea wake tasa. Kazi ya kupeleka unga ni ya nyuki, na nyuki nao mtaani wamepungua, msimu huu watu wanapuliza dawa za mbu wa mikorosho (wadudu wanaoshambulia korosho, sio mbu hawa wa malaria) alfajiri, saa hizo hizo nyuki ndo wanatoka.

Kwahiyo nikaanza kuyaoza mwenyewe. Unaamka saa 12 na nusu, maua yamefunguka na umande bado, unakata dume moja, unamenya yale majani yake ya njano kibaki kidole tu, unakipaka taratibu katikati ya jike mpaka uone njano imeshika. Dume moja linatosha majike mawili matatu. Ikifika saa 4 maua yameanza kujifunga, umechelewa, subiri kesho. Bibi mmoja jirani alinicheka sana, akasema wewe unayaoza ili yasioze.

Siku ya tatu tu nikaona tofauti, vitoto vinanenepa. Kwenye siku ya tano ya sita nikavuna ya kwanza, urefu wa sentimita 17 hivi, nilipima na rula ya mtoto. Msiache zikue zaidi ya hapo sana, nilisahau moja chini ya majani siku nne ikawa kama mumunye, ganda gumu, mbegu ngumu, na shina lenyewe likapunguza kuzaa.

Ombi langu ni dogo. Wekeni picha ya ua dume na ua jike pamoja, hata kama haina rangi, mumwambie yule ndugu wa Lindi kabla hajang'oa mashina yake. Na mumuulize nyumbani kwake nani anapika msusa.

Kwangu mama mkwe hatujagombana. Kila asubuhi ananiita dirishani, "Mkwe, leo naruhusiwa mangapi?"

Msomaji wenu,
Chikongola, Mtwara