Barua ya wazi kwa Spika wa Seneti ya Kenya: wawakilishi wa wadi nao wawekewe vipindi viwili

Mheshimiwa Amason Kingi,

Salamu kutoka huku kwetu Pwani. Mimi ni mama karanga, nakaanga samaki na kuwauza kando ya bandari ndogo ya wavuvi, katika kaunti ambayo sitaitaja kwa kuogopa jina la mwanangu lisije likafutwa kwenye orodha ya basari, ule msaada wa karo. Nimenyamaza muda mrefu. Wiki iliyopita uvumilivu umenishinda.

Mwakilishi wetu wa wadi, anayetuwakilisha kwenye bunge la kaunti, aliitisha mkutano wa kugawa hundi za basari. Tulikaa juani tangu asubuhi. Alipofika mchana, kabla ya kutaja jina la mtoto hata mmoja, alitangaza kwamba tarehe 10 Agosti 2027 atasimama tena. Aliingia 2013, akarudi 2017, akarudi 2022, na sasa anataka kipindi cha nne. Vijana wake wakampigia makofi. Mwanangu wa kidato cha tatu hakupata kitu. Niliambiwa nisubiri awamu ijayo.

Nisubiri hadi lini, Mheshimiwa? Mwaka 2013 alituahidi chumba cha barafu hapa bandarini. Msimu wa kaskazi samaki huwa wengi kuliko wanunuzi, na asiye na barafu humuuzia tajiri kwa bei anayoitaka tajiri, au humwaga. Kuta zilijengwa, zikafika kwenye linta, zikaachwa. Kampeni za 2017 zilipokuja, kuta zikapakwa rangi. Za 2022 zikaja na mabati, yakarundikwa ndani, mengine yameshaibwa. Kaskazi iliyopita nilimwaga beseni nzima za vibua, na mkopo wa chama cha akiba nilionunulia samaki hao bado naulipa. Wewe uliwahi kuwa Waziri wa Uvuvi. Sina haja ya kukueleza samaki hudumu saa ngapi kwenye joto letu.

Na habari ya vipindi viwili unaijua kuliko mimi. Ulikuwa gavana wa Kilifi tangu 2013 hadi 2022, ukaondoka kwa sababu Kifungu cha 180 cha Katiba hakimruhusu gavana kuzidisha vipindi viwili. Mwaka huohuo magavana wenzako waliondoka pia, Joho Mombasa na Mvurya Kwale. Kaunti hizo hazikuanguka. Rais naye ana mwisho wake. Kwa nini basi mwakilishi wa wadi, mbunge na seneta wakae mpaka wachoke wenyewe?

Tunaambiwa tumtoe kwa kura. Lakini ni vigumu kumtoa mtu anayeshika orodha ya basari na kuamua ni kijana gani aandikwe kibarua cha kaunti. Nadhani shida yetu iko hapo, wala si kwamba tunampenda. Aliyeshindana naye mara ya mwisho, watoto wake hawajaonekana kwenye orodha hiyo tangu siku ile, na mtaa mzima umeona. Kila mtu anaamini atarudi, kwa hiyo hakuna mwenye mtoto shuleni atakayesimama hadharani kumpinga. Laiti sheria ingemlazimisha kuondoka 2022, leo tungekuwa tunasema. Najua sheria inaruhusu kumwondoa kabla ya muda wake, lakini tangu Katiba ya 2010 hatujaona hata mmoja aliyeondolewa hivyo.

Badala ya kuwawekea mwisho, mwaka 2024 seneta wa Nandi, Samson Cherargei, alileta kwenye Seneti yako mswada wa kuongeza kipindi kutoka miaka 5 hadi 7, na wawakilishi wa wadi wakiwemo. Wananchi waliandika kwa wingi kuupinga na kamati ikaukataa. Nawashukuru kwa hilo. Iliniuma tu kuona kwamba wa kuwaongezea miaka ulipata mtu wa kuubeba, na huu wetu bado tunaungoja.

Najua Spika haleti mswada mwenyewe. Najua kuibadilisha Katiba kunataka thuluthi mbili ya Bunge la Taifa na ya Seneti, au sisi wananchi tukusanye saini milioni moja. Sisi wa bandarini saini milioni moja tutazitoa wapi? Maseneta 67 unakutana nao wewe. Waambie. Zungumza na Spika mwenzako wa Bunge la Taifa. Vipindi viwili kwa mwakilishi wa wadi, kwa mbunge na kwa seneta, na vile walivyokwisha kutumikia vihesabiwe, wasianze upya.

Ikiwa wabunge na maseneta hawatakubali kujipunguzia, basi anzeni na wawakilishi wa wadi peke yao. Hao tu, Mheshimiwa. Vipindi viwili, na iwe kabla ya tarehe 10 Agosti 2027.

Wako kwa heshima,
Mama karanga, mpiga kura wa Pwani