Ahadi za mkutano wa hadhara ziandikwe

Mhariri,

Nimekuwa msomaji wenu mkimya kwa miaka mingi, lakini ile habari ya viongozi waliokwenda kusikiliza kero za wananchi imenishinda. Mwandishi wenu ameeleza jinsi mtaalamu wa maji alivyoitwa mbele ya umati, akakaripiwa, akapewa wiki mbili, watu wakashangilia. Habari ikaishia hapo. Mrudisheni mwandishi huyo wiki mbili zikiisha.

Makofi hayo nayajua. Kijijini kwetu kalavati lilisombwa na mafuriko, na wakati wa masika wajawazito huvushwa korongo kwa kubebwa. Ulipokuja ugeni mkubwa nilisimama kwenye foleni ya maswali. Walionitangulia walishika karatasi zenye mwandiko mmoja, na kila mmoja alianza kwa shukrani ndefu. Ilipofika zamu yangu niliuliza jambo moja: fedha za kalavati, tulizoambiwa mkutano uliopita kwamba zimetengwa, ziko wapi? Ofisa mmoja akachukua kipaza sauti mkononi mwangu. "Mzee, kero yako imepokelewa, muda hauturuhusu." Muda! Sisi tulikuwa juani tangu asubuhi kumsubiri mgeni, na muda wa kumtambulisha kila aliyekaa chini ya turubai ulipatikana. Baadaye nikaenda ofisini kuomba muhtasari ili nijue kero yangu imepokelewa na nani. Nikajibiwa kwamba mkutano wa hadhara hauna muhtasari. Kwa hiyo tuliyoahidiwa mbele ya kijiji kizima hayapo kwenye karatasi yoyote, na akija kiongozi mwingine kesho anaweza kusema hatukuahidiwa kitu, nasi tusiwe na cha kumwonyesha.

Ibara ya 8 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inasema Serikali itawajibika kwa wananchi. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Na. 7 ya 1982, imeufanya Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18, kuwa chombo chenye mamlaka ya juu kijijini. Mkutano huo ndio unaopaswa kukaa kila miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Kwetu unaahirishwa, eti akidi, yaani idadi ya watu inayotakiwa, haikutimia. Lakini akija mgeni kutoka juu, gari la matangazo linapita kila kitongoji tangu jana yake, na uwanja unajaa.

Na wanafunzi je? Wanatolewa darasani kwenda kuimba na kupunga mikono barabarani, mitihani ikiwa mlangoni. Wakifeli, kiongozi yuleyule atasimama jukwaani kuwauliza walimu kwa nini ufaulu umeshuka. Hili linaniuma kuliko hata kalavati.

Napendekeza hivi. Mkutano wowote wa viongozi na wananchi ufunguliwe kwa kusoma ahadi za mkutano uliopita, moja baada ya nyingine, na anayehusika aseme imetekelezwa au haijatekelezwa, kabla ya ngoma na kabla ya utambulisho. Kila ahadi mpya iandikwe palepale kwenye daftari gumu, kwa cheo cha mhusika, tarehe ya mwisho na kiasi cha fedha. Kiongozi aliyeahidi atie saini kabla hajapanda gari. Nakala ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji, na nyingine iachwe kwa mwananchi aliyeuliza.

Mkulima, mstaafu wa utumishi wa umma