Kariakoo mpya imhesabu na mpangaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niongelee Kariakoo. Najua watu wameshaandika sana kuhusu Kariakoo, ila wengi wanaongelea kodi, wageni wanaofanya biashara ambazo wazawa wangezifanya, machinga, na foleni ya magari. Mimi nataka kuongelea watu waliokuwa wanalala pale.

Nimezaliwa na kukulia kwenye nyumba ya Kiswahili mitaa ya Sikukuu, zile nyumba za korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani kuna choo, bafu na sehemu ya kupikia ya wote, mbele baraza. Tulikuwa familia sita na LUKU moja. Mama yangu alikuwa anaamka saa 10 alfajiri anachoma chapati pale barazani, maharage kayachemsha toka jana usiku, anawauzia wabeba mizigo, vijana wa maduka na madereva wa magari yanayoshusha mzigo kutoka mikoani. Hakuwa anajua nauli ya kwenda kazini ni kitu gani, kazi ilikuwa hatua 10 kutoka kitandani kwake, na chapati hizo ndo zilizonisomesha mimi na wadogo zangu wawili mpaka tukamaliza.

Mwaka 2012 mwenye nyumba alituita wote uani baada ya magharibi. Alikuwa mzee wa watu, hajawahi kutugombeza hata kodi ikichelewa. Akatuambia amepata mbia, yeye anatoa kiwanja, mwenzie anatoa hela za ghorofa, mwisho wa siku yeye atapata fremu mbili chini na floo moja juu, kwahiyo tuna miezi miwili ya kutafuta pa kwenda. Sina kinyongo nae, kiwanja chake, nyumba yenyewe bati lilikuwa linavuja na watoto wake walikuwa wanamsukuma. Lakini nakumbuka mama mmoja wa chumba cha mbele, mtu mzima, alikuwa na kabati la mninga la maharusi wake. Siku ya kuhama kabati likagoma kutoka, sababu liliingia humo kabla mlango haujajengewa matofali kupunguzwa upana. Vijana wa mkokoteni wakahangaika nalo karibu saa nzima, wakaligeuza huku na huku, mwisho yeye mwenyewe akasema lipasueni. Akatoka akaenda kukaa barazani, kageukia barabarani, hakuangalia ndani mpaka shoka liliponyamaza. Akarudi kwa mdogo wake kule Utete, Rufiji, na sikumuona tena.

Sisi tukaenda Chanika. Mama alijaribu kuendelea na chapati zake Kariakoo ila kutoka Chanika ufike pale wakati wabeba mizigo wana njaa inabidi uondoke nyumbani saa 8 usiku, na usiku huo gari ziko wapi? Alijitahidi miezi mitatu akaacha. Chanika kule wateja wa chapati za alfajiri ni wachache, kila mtu anakimbilia gari kwenda mjini.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Serikali inaijenga upya Kariakoo na kwakweli inaweka hela. Soko kuu lililoungua Julai 10, 2021 limekarabatiwa na pembeni limejengwa jipya, mradi wa bilioni 28. Februari 2025 ikazinduliwa biashara ya saa 24, taa zikafungwa mitaani na kamera. Wafanyabiashara wa soko la zamani waliorodheshwa na kuhakikiwa majina ili warudi, na pale baadhi yao walipoona majina yao hayapo walipiga kelele wakasikilizwa. Hiyo yote naiunga mkono. Ila naomba mtu anionyeshe orodha ya wapangaji wa vyumba. Haipo, na haijawahi kuwepo, kwasababu kwenye hesabu za mji wetu kuna mwenye kiwanja, kuna mjenzi, kuna mwenye fremu, basi. Aliyepanga chumba kimoja miaka 20 anatoka na godoro lake kama vile alikuwa mgeni aliyelala usiku mmoja.

Hata sheria ndo zilivyo. Kanuni za fidia za mwaka 2001 serikali ikichukua eneo mwenye nyumba anahesabiwa mpaka posho ya makazi ya miezi 36, na hela ya usafiri, na ya usumbufu. Hapo ni kama ni serikali imechukua. Ikiwa ni ubia wa watu binafsi kama wetu mpangaji anabaki na mkataba wake tu kama anao, na wengi hatukuwa nao, ilikuwa maelewano ya mdomo na risiti ya kuandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari. Zamani angalau kulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi ya pango ya 1984 na mabaraza yake, nayo ikafutwa 2005, toka hapo ni wewe na dalali na kodi ya miezi sita au mwaka mkononi.

Wako watakaosema mambo ya mji hayawezi kumsubiri mpangaji. Mimi nawajibu na Magomeni Kota. Pale kaya 644 zilizokuwa zimepanga nyumba za serikali ziliondolewa mwanzoni mwa ile miaka ya 2010, nyumba zikavunjwa, eneo likakaa kama pori la katikati ya mji, watu wakasota kwenye nyumba za kupanga huku wanafuatilia haki yao, wengine wakafariki kabla hawajaona kitu. Kilichowaokoa ni kwamba walikuwa na orodha na walishikana, hawakukubali orodha ipotee. Magufuli akaja 2016 akaagiza wajengewe, na Machi 2022 Rais Samia akafungua yale maghorofa, nyumba kwa zile kaya 644. Kulikuwa na maneno ya bei ya kununua na mimi siyapuuzi, na miaka kumi ya kusubiri ni mingi mno kwa mtu yeyote. Lakini wapangaji walihesabiwa, walirudi mtaa wao, wako pale leo. Kwahiyo tusiambiane haiwezekani, imewezekana kilomita chache kutoka Kariakoo.

Na Kariakoo tunaona nini kinatokea mtaa ukibaki wa fremu peke yake. Nenda ghorofa nyingi za pale, floo zilizochorwa kwenye ramani kuwa za kuishi zimejaa mabelo ya nguo na maboksi ya vyombo, vyumba vimegeuka stoo maana stoo inalipa kuliko mtu. Kilemba cha fremu, ile hela ya kuachiwa fremu mbali na kodi, kinatajwa kwa mamilioni, kwahiyo kila futi moja inatafutwa, juu, ngazini, na chini ya ardhi. Novemba 16, 2024 jengo likaanguka asubuhi ya Jumamosi watu wako kazini, wakafa zaidi ya 20, na wiki nzima nchi ikawa inaongelea andagraundi na nani aliruhusu kuchimba. Mimi siku zile nilikaa na simu masaa yote sababu nina rafiki zangu wa utotoni wanauza mitaa ile. Tume ikaundwa kukagua majengo. Ni sawa kabisa yakaguliwe, ila wakague na jengo linatumika kwa nini, kama kibali kilisema makazi basi wakute makazi.

Ombi langu kwa halmashauri na wizara ni kwamba kabla mtu hajapewa kibali cha kuvunja nyumba ya vyumba vya kupanga alete majina ya waliomo, na alipe kila kaya angalau kodi ya miezi sita na usafiri wa vyombo, kwa anayejenga ghorofa la mabilioni hiyo sio hela ya kumfilisi. Na kwenye jengo jipya floo mbili zibaki za vyumba vya kawaida, chumba na sebule, kwa kodi ambayo muuza chapati anaiweza, waliotoka pale wapewe nafasi ya kwanza. Kama inaonekana ni ngumu kuanzia kwa watu binafsi, waanzie Shirika la Nyumba ambalo ni la kwetu sote, 2022 lilizindua sera yake ya ubia na miradi mingi ya ubia huo iko hapohapo Kariakoo. Hapo hakuna mwenye kiwanja wa kumbembeleza, ni serikali kuandika sharti kwenye mkataba wake yenyewe. Na kama tumeamua mtaa uwe wa saa 24, basi anayefunga duka saa 9 usiku alale karibu, maana kumpeleka Chanika au Mbagala usiku huo ni kumuweka roho mkononi.

Kuhusu orodha, kazi wala sio kubwa. Kwenye sensa ya Agosti 2022 karani alikuja mpaka chumbani kwangu, akakaa kwenye ndoo maana kiti kilikuwa kimoja, akaniuliza usiku wa kuamkia siku ile nimelala na nani, napikia nini, choo chetu cha aina gani. Tulihesabiwa nchi nzima, mpangaji na mwenye nyumba. Na pale Kariakoo mtendaji wa mtaa ana daftari la wakazi mezani kwake, anaweza akaanza kesho na zile nyumba chache za bati zilizobaki, kabla wenyewe hawajaitwa uani.

Mimi msomaji wako,
Chanika, Dar es Salaam