Risala ya Wakereza Mabakuli wa Katuba kwa Mama Mgeni wa Heshima

Mama Mgeni wa Heshima, Papa Prefe, mkuu wa shule hii, walimu, wazazi wetu, majirani wa Katuba hapa Lubumbashi na wanafunzi wote: jambo kwenu.

Tunakushukuru, Mama, kwa kuacha shughuli zako za Jumamosi na kuja kutuona. Tangu tuanze hatujawahi kutandika kazi zetu mezani mbele za watu, na tangu alfajiri kila mmoja wetu anayafuta mabakuli yaleyale kwa kitambaa kilekile.

Sisi ni watu tisa. Wawili ni walimu wa hapa, mmoja ni fundi cherehani, wawili wanaendesha pikipiki za abiria, mama mmoja anauza sombe, majani ya muhogo, sokoni, na waliobaki ni vijana waliomaliza masomo na bado wanatafuta kazi. Hakuna kati yetu anayekula kwa kukereza peke yake. Tunakutana jioni na Jumamosi, katika chumba ambacho shule ilituachia nyuma ya jiko. Tulianza kwa kupenda tu. Mauzo yalikuja baadaye, watu walipoanza kutusimamisha njiani na kuuliza bei.

Wengi mlipoingia leo mmetuita wachongaji. Hatukatai, maana uchongaji ni heshima kubwa katika nchi hii ya Katanga: Waluba walichonga viti vya watemi, mito ya mbao ya kulazia kichwa, na sanamu za wanawake walioshika bakuli mikononi, vyote kwa tezo na kisu. Lakini kwa mchongaji, mti umetulia na mkono ndio unaotembea. Kwa mkereza, mti ndio unaozunguka, na patasi inaungojea ikiwa imeegemea chuma. Ndiyo maana ukipitisha kidole ndani ya bakuli letu hukuti alama ya pigo hata moja.

Kazi hii tumefundishwa na mzee mmoja aliyekaa pale mstari wa mbele, ambaye sote tunamwita Papa Fundi. Kwa miaka mingi alikereza chuma katika atelye, yaani karakana, za kampuni ya shaba. Alipostaafu, mikono ilikataa kukaa. Akaokota vyuma viwili virefu, akaviunganisha kwa kuchomelea, akafunga ekseli iliyotoka kwenye gari lililokufa, akaweka mota ya nguvu farasi moja na magurudumu ya mkanda ya ukubwa tofauti ili kasi iweze kubadilishwa. Hilo ndilo kerezo letu la kwanza, na mpaka leo ndilo tunalolipenda zaidi. La pili tulilijenga wenyewe, yeye akiwa amekaa kwenye kiti akitukosoa.

Papa Fundi alituambia neno siku ya kwanza, nasi hatukulielewa: chuma ukikikata milimita ishirini leo, kesho ni milimita ishirini, mti si hivyo. Tulikuja kulielewa Septemba. Tulikuwa tumepata gogo la mwembe mbichi, tukakereza mabakuli kumi na mawili membamba, mazuri, ya kumaliza kabisa, tukayapanga dirishani kama mikate. Mnaijua Lubumbashi ya mwezi wa tisa na wa kumi, jinsi hewa inavyokauka mpaka midomo inapasuka. Usiku tulisikia mlio kama wa mtu anayevunja kuni. Ndani ya wiki moja mabakuli kumi na moja yalikuwa na ufa. Lile la kumi na mbili lilikuwa zima, ila limejipinda likawa kama tandiko la punda.

Mama, naomba nikae kidogo hapa, kwa sababu biashara yetu yote imelala katika jambo hili. Mti mbichi umejaa maji. Maji yaliyo wazi ndani ya vishimo vyake yakitoka, mti haubadiliki umbo. Lakini unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi, kuta zenyewe za nyuzi huanza kukauka, na hapo mti hunywea. Haunywei sawasawa: kufuata mduara wa pete zake hunywea karibu mara mbili kuliko kutoka katikati kwenda kwenye gamba, na kwa urefu wa nyuzi haunywei karibu kabisa. Bakuli lililokuwa duara lazima liwe yai. Na likikauka nje haraka huku ndani bado bichi, linapasuka, hasa kuanzia kwenye moyo wa mti.

Kwa hiyo sasa tunakereza kila bakuli mara mbili. Kwanza tunapasua gogo katikati na kuutupa moyo wake. Tunakereza umbo la mwanzo likiwa nene, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya upana: bakuli la sentimita 30 tunaliachia ukuta wa sentimita 3. Tunapaka nta pale nyuzi zilipokatwa vichwa, tunalitia ndani ya mfuko wa karatasi wa saruji uliokung'utwa vizuri, tunaliweka kivulini mbali na upepo. Kila Jumamosi tunalipima kwenye mizani ya mama yetu wa sombe na kuandika gramu kwa penseli chini ya kitako.

Nimelileta moja hapa mlione. Someni chini yake: 1,940, halafu 1,780, halafu 1,655, linashuka hivyo mpaka 1,290, na 1,290 tena, na 1,290 tena. Uzito ukisimama wiki tatu, tunajua limekauka kadiri hewa ya hapa inavyoruhusu. Pimeni upana wake: sentimita 30 kwa kufuata nyuzi, 28 na nusu kwa kukatiza nyuzi. Ule unene tuliouacha ndio unaotuwezesha kulirudisha kwenye kerezo na kulifanya duara upya. Kutoka namba ya kwanza mpaka ya mwisho imepita miezi mitano.

Kazi yenyewe ya kukereza ni fupi, na ni tamu kuliko ninavyoweza kusoma kwenye karatasi. Kipande kikiwa bado na kona tunakizungusha polepole, mizunguko 400 kwa dakika. Kikishakuwa duara tunapandisha mpaka 800 hivi. Mgongo wa patasi huugusa mti kwanza, bila kukata. Halafu unainua mpini kidogo, na hapo utepe wa mti unaanza kutoka, mrefu, laini, ukipita juu ya bega. Mwembe mbichi unakurushia maji usoni. Mulombwa, ule ambao Watanzania wanauita mninga, unanukia vizuri na kunywea kwake ni kidogo sana, lakini vumbi lake linachoma pua na kifua. Hakuna anayeupiga msasa hapa bila kufunga barakoa. Glavu hatuvai kabisa, kwa sababu mashine ikishika glavu inachukua na mkono. Kitenge kinafungwa kiunoni, mikono ya shati inakunjwa, na kioo cha kukinga uso hakivuliwi.

Haya tunayasema kwa uchungu. Mwaka jana umeme ulikatika wakati mwenzetu mmoja akibadilisha kipande. Swichi ilibaki imewashwa. Alikuwa bado ana ufunguo wa chuma ndani ya makucha yanayoshika mti, umeme ukarudi ghafla, ufunguo ukaruka na kumpiga mkono. Mfupa ulivunjika. Amepona, yuko hapa leo, na ndiye aliyekereza bakuli kubwa lililo katikati ya meza. Lakini tangu siku ile tunalala tukiiwaza ile swichi. Zipo swichi zinazojizima zenyewe umeme ukikatika, na haziwaki tena mpaka mtu azibonyeze kwa mkono. Tunahitaji mbili, moja kwa kila mashine, na katika orodha ya maombi yetu hili liko juu ya yote.

Kuhusu mafuta ya kupaka, tulikosea pia. Tulitumia mawese, kwa kuwa yapo kila nyumba na rangi yake inapendeza. Mawese hayakauki juu ya mti. Baada ya mwezi mabakuli yalinuka, na mteja mmoja alituletea lake likiwa limeupaka wali wake rangi. Tulimrudishia pesa, tukamwomba msamaha. Sasa tunatumia mafuta ya kitani yasiyochemshwa, maana yale ya makopo ya wapaka rangi huwa yametiwa madini ya kuyaharakisha. Tunapaka mara tatu au nne, siku kadhaa kati ya moja na nyingine, kisha tunamalizia na nta ya nyuki inayoletwa na wauza asali wa misitu ya miombo. Vitambaa tulivyopakia tunavitandaza nje, kwa sababu vikirundikwa hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka moto. Na tunamwambia kila mnunuzi ukweli: nta huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hivi, kwa hiyo bukari, yaani ugali, iliyotoka sufuriani sasa hivi itaifuta nta na kuacha mafuta peke yake. Bakuli haliharibiki, linahitaji kupakwa tena baada ya muda. Matunda, karanga, mkate, bukari iliyopoa kidogo, hayo linayapokea bila shida.

Mama Mgeni wa Heshima, sasa nifike kwenye pesa. Bakuli moja la sentimita 30 linachukua saa tatu za mikono yetu na miezi mitano ya rafu. Saa tatu tunazimudu. Miezi mitano ndiyo inayotushinda. Tulienda kuomba mkopo mdogo, tukaambiwa marejesho yanaanza wiki ya pili. Wiki ya pili bakuli letu bado ni maji! Kuna aliyetushauri tuyauze mabichi, eti mteja hatajua mpaka afike nyumbani. Tulikataa. Mama mmoja wa sokoni alipolishika bakuli letu mara ya kwanza alisema, "Iko muzuri, lakini itapasuka." Mwaka mzima umepita, kila anapotuona anatupungia mkono na kusema halijapasuka. Hatutaki kumwangusha yeye wala wengine wanaonunua kwa sababu yake.

Tunahitaji mahali pa kukaushia. Chumba chetu kina dirisha moja na bati la joto, na kinabeba mabakuli arobaini tu. Nyuma ya madarasa ya chini ipo stoo ya zamani, kuta nene, kivuli mchana kutwa. Papa Prefe ameshatuambia kwamba kwa upande wake hana kipingamizi, ila paa limetoboka na shule haina uwezo wa kulitengeneza. Tunaomba msaada wa mabati ishirini. Misumari, mbao na kazi ni juu yetu.

Tunahitaji pia kuambiwa. Katika mji huu miembe, miparachichi na mijakaranda inakatwa kila mwezi, watu wakijenga au wakiogopa matawi juu ya nyumba. Tukisikia leo, kesho tukifika tunakuta magogo yameshakatwakatwa kwa ajili ya kuni na makala, yaani mkaa. Hatumlaumu mtu, makala ndiyo yanayopika sufuria zetu sote. Lakini kipande cha shina la mwembe, urefu wa mkono mmoja, kikitiwa motoni kinapika chakula cha siku chache. Kwetu sisi ni mabakuli manne au matano, na mabaki yake bado yanapika. Hata gogo lililosahaulika kwenye mvua tunalitaka: kuvu huchora ndani yake mistari myeusi membamba, na hayo ndiyo mabakuli yanayonunuliwa kwanza. Sauti yako, Mama, inafika kwenye ofisi ya komini yetu ya Katuba na kwa wenye viwanja kuliko yetu. Tunaomba tu watupigie simu kabla ya shoka. Tutakuja na mkokoteni wetu, tutalipa, na tutafagia uwanja.

Mwisho, tuna zawadi. Wazee wa shule wametuambia kwamba ulisoma hapa, na kwamba mapumziko mlikuwa mnakaa chini ya mjakaranda uliokuwa karibu na lango. Mjakaranda ule uliangushwa na upepo wa mvua mwezi wa kwanza mwaka huu. Tulifika na mkokoteni asubuhi ile ile, kabla ya mtu mwingine. Bakuli hili limetoka kwenye shina lake, upande uliotazama darasa la sita. Mti wake ni mweupe na mwepesi. Chini ya kitako tumeuacha uzito wa mwisho kwa penseli, hatukuufuta kwa msasa.

Tafadhali Mama, usililoweke majini. Lioshe kwa mkono, lifute papo hapo, liweke mbali na jua la dirishani. Likianza kupauka, lilete Katuba tulipake mafuta.

Asante kwa kutusikiliza.

Ni sisi, wakereza wa Katuba, Lubumbashi.