Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Habari ya Madirisha

Ndugu wanachama, salaam. Shughuli za kawaida mnazijua, usafi wa ua tulifanya, wanafunzi walikuja kuchora, maonyesho 2 yalienda vizuri, katibu na mhazini nawashukuru sana, hapo sikai.

Niende kwenye madirisha ya hii hospitali ya zamani tunayoigeuza ukumbi wa picha, maana najua ndo mnachokisubiri. Maneno yamekuwa mengi eti mwenyekiti kaamua peke yake yasizibwe. Si kweli. Kamati niliiita mara 3, mara ya mwisho tulikaa watu 4 kwenye iliyokuwa wadi ya wanaume, viti vitupu mpaka ukutani, fundi yuko nje anasubiri jibu. Ningefanyaje?

Waliotaka tuzibe yote kwa matofali na saruji tupate ukuta wa kutundikia picha nawaelewa, hospitali za zamani zilijengwa na madirisha makubwa ili mgonjwa apate hewa na mwanga, na mwanga huohuo ndo unaofifisha picha, mchoro wa karatasi unatakiwa usizidi luksi 50 hivi, luksi ni kipimo cha mwanga. Lakini kuta zile ni za chokaa, zinapumua, ukizibana na saruji unyevu unabaki ndani, plasta inabanduka na ukungu unahamia kwenye picha zenyewe. Ndo maana nikasema tubandike filamu ya kuzuia miale ya jua kwenye vioo na mapazia ya kuvuta, siku ukitaka kuvitoa unavitoa na jengo liko vilevile. Madrid hospitali yao kuu ilifungwa 1965, 1986 ikafunguliwa kama kituo cha sanaa, leo ndo makumbusho ya Reina Sofía ilipo Guernica, ule mchoro maarufu wa Picasso, na lifti za wageni walizijenga nje kwenye minara ya vioo. Kwa hiyo wazo la kutoliumiza jengo halijaanza na mimi.

Na kati ya dirisha la 2 na la 3 namba ya kitanda, 14, bado inasomeka kwa rangi ya bluu. Mimi mwenyewe nilimshika fundi mkono asiipake chokaa. Kuna mtu alilala pale.

Ada sasa. Tuko wanachama 61, waliolipa 23. Nasema kwa uchungu, wengi walionipigia simu kulaumu wana deni la miaka 2, na akidi tumeikosa vikao vyote isipokuwa kimoja.

Mwakani Mungu akijalia tutaangalia wadi ya pili, na lile jiko la zamani pengine liwe karakana ya fremu, tutaona hali. Ila kabla picha hazijatundikwa njooni Jumamosi asubuhi, mapazia nitayaacha juu, muione wadi ilivyo.