Roboti la Elfu Sita, Mkono Ganda Tupu

Bwana Mhariri,

Salamu kutoka Amu. Najua barua mnazopata ni za barabara na maji na siasa lakini nipeni nafasi na mie nitoe langu, manake nyumbani hakuna anonisikiza, mke wangu ashanambia mtu mzima wa miaka 46 kushinda na maroboti ni aibu. Mie hukusanya Transformers, yale maroboti yanayogeuka gari au ndege au lori. Ninayo sitini na kitu, nimeyapanga kwenye zidaka za ukutani pale nyanya alipokuwa akiweka sahani zake, Mungu amrehemu, sijui angesema nini.

La kwanza aliniletea ami yangu baharia kutoka Dubai mwaka 1987. Optimus Prime, lori jekundu na trela lake. Mnajua yale ya mwanzo ya 1984 kampuni ya Hasbro ya Marekani hawakuyabuni wao, mengi waliyachukua kwa kampuni ya Takara ya Japani, yalikuwa yashauzwa kule kwa majina ya Diaclone na Microman, wao wakayapa majina mapya na hadithi. Lile lori lina vyuma ndani na tairi za mpira, ukilishika mkononi wajua umeshika kitu. Na vile vioo vya mbele vya lori ndo kifua cha roboti, vile vile, hakuna ujanja. Soundwave yeye alikuwa tepu rekoda, wabonyeza kitufe kifua chafunguka watia kaseti, na kaseti nayo yageuka ndege au mnyama. Mama alikuwa na redio yake ya kusikilizia taarab, nami nikiibonyeza kila siku nikingoja itoe miguu.

Sisemi ya zamani hayana ila. Lile langu likisimama limesimama ka gogo, shingo haigeuki. Ya sasa yapiga goti, yageuza kichwa na kiuno, mengine hata vidole. Haya, hongera.

Lakini mwezi uliopita nimeagiza moja jipya, kampuni sitaitaja, nikalipa kwa simu nikangoja wiki tano, likafika Nairobi, likapanda basi mpaka Mokowe, likavuka na boti. Nilikuwa nshaambia kijana aje na punda pale gatini, kumbe boksi lenyewe ka la viatu vya mtoto, nikalitia kwapani nikaenda zangu. Kufungua, naligeuza mkono kwa nyuma, ni shimo! Mkono mzima umechimbwa ndani umebaki ganda, ka gamba la kaa baada ya mtu kula. Nikampelekea mjomba, ambaye ni fundi wa majahazi Matondoni na hajui Optimus wala nani, akalishika akaligeuza akatia kidole kwenye lile shimo.

"Hili hawajalimaliza?"

"Ndo limekwisha hivo mjomba."

"Na bei?"

Nikamwambia. Hakujibu, alilirudisha mezani taratibu ka mtu anorudisha samaki aloharibika, akashika randa yake.

Alafu ile kugeuza kwenyewe. Kwangu mie raha yote iko hapo, mkono unajua njia, hapa wakunja hapa wasukuma, taka! limefunga. Hili jipya lina bawaba nyembamba ka ukucha, milango ya gari haina pa kwenda yaning'inia mgongoni ka gunia la hamali, wabana upande huu upande ule wafunguka, wabana ule huu wachomoka. Mara ya kwanza nikaona mstari mweupe kwenye plastiki pale penye pini ya bega, nikajua kazi imeanza. Mara ya tatu, pu. Bega chini. Sijalitumia nguvu, wallahi, na hapa kwetu na hii hewa ya chumvi tayari pini za chuma zashika kutu, plastiki nyeupe zageuka rangi ya samli, sasa mtu akuuzie kitu chenye ufa wake tangu dukani.

Na kitu chaniuma zaidi ya bega ni kifua cha bandia. Siku hizi malori mengine vile vioo waviona kifuani sivyo vya lori, vya kweli vimekunjwa vikafichwa mgongoni, hivi ni vya kupambia tu. Sasa kimegeuka nini?

Bei nayo. Mwaka 2007 saizi ile waiita Deluxe, yenye urefu wa shibiri hivi au pungufu, ilikuwa kama dola 10 Marekani, na dola ilikuwa shilingi 67 hivi. Mwaka 2024 saizi hiyo hiyo ilifika dola 25, na mwisho wa mwaka huo dola ilikuwa karibu shilingi 130, piga hesabu mwenyewe, kutoka mia sita sabini mpaka elfu tatu na mia mbili na kitu kabla hujalipa usafiri wala ushuru wala VAT ya asilimia 16. Langu limenifikia kwa elfu sita. Najua mafuta yamepanda, plastiki imepanda, mishahara kule viwandani imepanda, sawa, basi pandisha bei uniachie mkono mzima, au toboa mkono ushushe bei. Yote mawili kwa pamoja ndo siyaelewi.

Na wenye pesa wametengenezewa yao, mwaka 2021 kampuni ya Robosen walitoa Optimus anojigeuza mwenyewe ukimwambia kwa mdomo, dola 699 kwa oda za mwanzo. Lajigeuza lenyewe! Sasa mie mikono yangu niitie mfukoni nitazame?

Nimerudi kwa lile la ami. Bado lafunga, taka, ka siku ile. Limepungua ngumi moja tu, zile zachomoka na wadogo zangu hawakuwa na huruma. Kama kuna msomaji Malindi au Mombasa ana ngumi ya buluu ya Optimus wa zamani imekaa kwenye droo, nitailipia na nauli juu.

Mwenye Maroboti,
Langoni, Lamu